Nani aliyewalisha watakatifu wa Kaveri?

Kila anayeanza kujifunza muziki wa Karnatiki, ule muziki wa kale wa India ya kusini, husimuliwa kisa kimoja kabla hajafika mbali. Mfalme wa Thanjavur, Serfoji wa Pili, alipeleka mjumbe na zawadi kwa mtunzi Tyagaraja, aliyekuwa akiishi Thiruvaiyaru kando ya mto Kaveri, akimwita aje kumwimbia barazani. Tyagaraja akakataa. Akajibu kwa wimbo, "Nidhi chala sukhama", unaouliza kipi kina raha zaidi, mali au kuwa mbele ya mungu Rama. Kaka yake, wanasema, alighadhibika kuona bahati ya nyumba inarudishwa mlangoni hata akazichukua sanamu alizoziabudu nduguye na kuzitupa mtoni.

Kisa ni kizuri, na uzuri wake umekipa uzito kisioweza kuubeba. Kimewafanya wapenzi wengi wa muziki huu waamini kwamba ulikua mbali na fedha, kwamba watunzi wake wakubwa walikuwa mawalii waliofumba macho na nyimbo zikashuka. Swali langu mimi ni la jikoni: alikula nini?

Jibu linajulikana. Tyagaraja alifuata desturi ya kutembea mitaani akiimba sifa za Mungu, na wenye nyumba wakamtilia mchele chomboni, kiasi cha kutosha siku hiyo. Wanafunzi wake, waliomjia kutoka vijiji vya karibu na miji ya mbali, nao walimtunza. Lakini tusiishie hapo. Mwalimu wake, Sonti Venkataramanayya, alikuwa mwanamuziki wa baraza la Thanjavur, akila mshahara wa mfalme. Mapokeo yanasema hata nyumba ya familia pale Thiruvaiyaru baba yake alipewa na mfalme aliyetangulia. Na mchele wenyewe ulitoka katika mashamba ya delta iliyokuwa ghala la nchi yote ya Watamil, ambako vijiji vizima vilikuwa vimetolewa na watawala kwa Wabrahmani, tabaka la makuhani na wasomi, ili wasome na kusali bila kushika jembe. Tyagaraja aliukataa mwaliko mmoja. Utaratibu uliomwezesha kuukataa bila kufa njaa ulikuwa umelipiwa na majumba ya kifalme kwa vizazi kadhaa.

Sisemi haya ili kumpunguzia heshima. Nasema kwa sababu ukianza kuuliza nani alilipa, historia nzima ya muziki huu inabadilika sura, na watu wengine kabisa wanasogea mbele.

Chukua lugha. Thanjavur ilishikwa kwanza na Wanayaka, mabwana wenye asili ya Kitelugu waliokuwa magavana wa dola ya Vijayanagara, wakaitawala nchi ya Watamil tangu karne ya 16 hadi 1673. Wakafuatwa na Wamaratha, ukoo wa Ekoji, ndugu wa baba mmoja na Shivaji, mwanzilishi wa dola ya Wamaratha, ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kimarathi. Wanayaka walikileta Kitelugu barazani kama lugha ya mashairi, na Wamaratha walipokikuta hapo hawakukifukuza. Ndiyo sababu hadi leo msikilizaji wa Chennai, anayezungumza Kitamil sokoni na nyumbani, akienda kwenye onyesho husikia karibu jioni nzima Kitelugu na Kisanskriti. Watu hutafuta sababu katika ulaini wa irabu za Kitelugu. Mimi naiona kwanza katika hazina ya Wanayaka.

Na hazina ile haikulipia sifa peke yake, hilo tuwape haki yao. Govinda Dikshita alikuwa waziri wa Wanayaka na mtu wa elimu ya muziki. Mwanawe, Venkatamakhin, akitunzwa na Vijayaraghava Nayaka, aliandika katikati ya karne ya 17 kitabu cha Kisanskriti kiitwacho Chaturdandi Prakashika. Ndani yake alifanya hesabu ambayo kila mwanafunzi wa Karnatiki bado anaishi nayo. Katika ngazi ya sauti saba, ya kwanza na ya tano hazibadiliki. Ya nne ina namna mbili. Ya pili na ya tatu kwa pamoja zinapangika kwa njia 6, na ya sita na ya saba vivyo hivyo. Zidisha 6 kwa 6 kwa 2, unapata ngazi mama 72, ambazo raga zote, yaani mitindo ya sauti ambayo nyimbo hutungwa juu yake, zinaweza kupangwa chini yake. Katika hizo 72, zilizokuwa zikiimbwa zama zake ni 19 tu. Zilizobaki zilikuwa vyumba vitupu katika nyumba ambayo hakuna aliyeomba ijengwe.

Nani mwingine angelipia vyumba vitupu? Hekalu linataka wimbo wa alfajiri hii, tajiri anataka wimbo wa harusi ya Jumapili. Ni baraza la mfalme pekee lililoweza kumlisha mwanazuoni aketi ahesabu raga ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Vyumba vilikuja kupata wapangaji. Mtunzi Muthuswami Dikshitar alifuata mpango wa Venkatamakhin katika nyimbo zake, Tyagaraja akafuata mpango mwingine wa karibu nao, na Koteeswara Iyer, aliyefariki 1936, alitunga nyimbo za Kitamil katika ngazi zote 72.

Sasa turudi kwa Serfoji, maana kisa cha zawadi kimemwonea. Alikalia kiti mwaka 1798, na mwaka uliofuata alitia saini mkataba uliowapa Kampuni ya India Mashariki ya Waingereza utawala wa nchi yake. Akaachiwa ngome, jumba, malipo ya kila mwaka na sehemu ya tano ya mapato. Mfalme asiye na vita vya kupigana wala kodi ya kukusanya hubaki na muda mwingi. Serfoji, aliyelelewa na mmishonari wa Kilutheri, Schwartz, aliutumia kwa vitabu na muziki. Aliikuza maktaba ya Saraswati Mahal, ambayo bado ipo na hati zake za majani ya mvumo, na akaweka bendi ya ala za Kizungu kando ya waimbaji wake wa Kihindi. Barazani kwake walikuwapo ndugu wanne, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, waliojifunza kwa Muthuswami Dikshitar. Hao ndio walioupanga mfululizo wa vipande ambavyo mcheza bharatanatyam, ngoma ya kale ya India ya kusini, wa leo huvifuata kuanzia mwanzo wa onyesho hadi mwisho. Vadivelu baadaye alihamia ufalme wa Travancore kwa Swathi Thirunal, mfalme kijana aliyekuwa mwenyewe mtunzi, na mwaka 1834 akazawadiwa fidla ya pembe za ndovu.

Fidla ile ina njia yake. Baba wa akina Dikshitar aliwahi kuishi na wanawe Manali, karibu na Madras, ndiyo Chennai ya leo, chini ya ufadhili wa Muthukrishna Mudaliar, dalali na mkalimani aliyetajirika kwa shughuli za Waingereza. Ni katika mazingira hayo ambapo Baluswami, mdogo wake Muthuswami, alijifunza fidla kwa Mzungu na kuileta katika muziki wa Karnatiki. Leo hakuna onyesho la kuimba lisilo na fidla pembeni. Muthuswami naye alizisikia bendi za Kizungu, akatia maneno ya Kisanskriti katika miziki yao, nyimbo takriban 40. Mmoja una sauti ya wimbo wa taifa wa Uingereza, ila anayeombwa ulinzi humo ni mungu wa kike Shyamala, na mfalme George hatajwi popote. Wasafi wa sanaa wanaopiga kelele kuhusu muziki kuchanganywa wangefaa kuanzia hapo.

Kwa hiyo wafalme walilipa, na madalali walilipa. Lakini kulipa ni jambo moja na kuhifadhi ni jingine, na hapa ndipo natofautiana na historia zinazowapanga wafalme safu kwa safu kama wakombozi. Tazama Annamacharya wa Tirumala, aliyefariki 1503. Aliacha maelfu ya nyimbo za kumsifu Venkateswara, mungu wa hekalu la huko. Wanawe walikuwa na uwezo, wakazichonga kwenye mabamba ya shaba, wakazitia katika chumba cha hekalu. Zilikaa humo karne kadhaa, hadi karne ya 20 zilipotolewa na kuanza kusomwa na wataalamu. Maneno yapo. Majina ya raga yameandikwa juu ya kila wimbo. Sauti zenyewe zimepotea, na karibu kila wimbo wa Annamacharya unaousikia leo umetiwa muziki na mtu wa juzi. Shaba haikuoza, lakini mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi ulikatika, na hakuna tajiri awezaye kuununua ukishakatika.

Linganisha na Dikshitar. Alifariki 1835 huko Ettayapuram, himaya ndogo ya kabaila kusini kabisa, ambako mdogo wake Baluswami alikuwa ameajiriwa. Hakuacha mabamba. Aliacha wanafunzi, na aliacha ndugu ambaye mjukuu wake, Subbarama, aliingizwa katika ukoo kama mtoto na kufundishwa nyimbo zote. Kama ilivyo desturi ya koo nyingi za muziki, zilikuwa mali ya nyumba, hazipewi mpita njia.

Aliyeufungua mlango huo ni mtu ambaye ningependa watoto wanaokariri majina ya watunzi wakubwa wamkariri pia: A. M. Chinnaswami Mudaliar, Mkristo, msomi na mtumishi wa serikali huko Madras. Alishaona kwamba nyimbo zisipoandikwa zitakufa na wazee wake, akaanza mwaka 1893 kuzichapisha kwa noti za Kizungu, kazi iliyomla macho na fedha. Yeye ndiye aliyemsihi Subbarama aandike alichonacho, na alipoona mzee anasita, akaomba kabaila wa Ettayapuram aingilie kati. Kabaila akaingilia, na matbaa ya pale pale Ettayapuram ikachapa. Sangita Sampradaya Pradarshini ilitoka mwaka 1904 kwa Kitelugu: kurasa zaidi ya elfu moja, nyimbo za Dikshitar zaidi ya mia mbili zikiwa na noti na alama za namna ya kuitikisa kila sauti, na wasifu wa wanamuziki wengi ambao vinginevyo tusingewajua. Subbarama alifariki miaka miwili baadaye. Kipimo cha ufadhili, kwangu, ni hicho: kabaila mdogo ambaye hata Wahindi wengi hawalijui jina lake, na karani Mkristo aliyekuwa akipoteza macho, waliokoa zaidi ya alichookoa mfalme yeyote wa Thanjavur.

Wafalme wa Thanjavur wakati huo walikuwa wameshakwisha. Mwaka 1855 wa mwisho wao alifariki bila mtoto wa kiume, Kampuni ikafuta cheo, na wanamuziki wakatawanyika kwenda Madras, Mysore, Travancore na kwa makabaila wa Kitamil. Mysore iliendelea kulipa vizuri hadi karne ya 20. Mfalme wake wa mwisho, Jayachamarajendra Wadiyar, alitunga nyimbo za Karnatiki zaidi ya 90, na mwaka 1949 fedha zake ziligharimia kurekodiwa London kwa kazi za Nikolai Medtner, mtunzi Mrusi aliyekuwa amesahaulika.

Kuna kisa kimoja cha kipindi hicho cha mpito kinachoeleza uhusiano wa mtunzi na mfadhili vizuri kuliko kile cha Tyagaraja. Sakharam Saheb, mkwe wa mfalme wa mwisho wa Thanjavur, alisifiwa katika shairi refu la Kimarathi lililopita katika ngazi zote 72. Mwimbaji mkubwa wa zama zile, Maha Vaidyanatha Iyer, ndiye aliyelitia muziki, na akazawadiwa. Baadaye, inasimuliwa, dhamiri ilimsumbua kwa kumsifu binadamu. Hakuutupa muziki. Aliondoa maneno, akaandika mapya ya Kisanskriti ya kumsifu mungu Shiva, na hayo ndiyo yanayoimbwa. Hela ya Sakharam ilibaki ndani ya sauti, jina lake likafutwa juu yake. Nashuku nyimbo nyingi tunazozidhani hazina mfadhili zilipita njia hiyo.

Baada ya 1855 mwajiri mpya alikuwa Madras: mawakili, makarani, wahariri wa magazeti, wengi wao Wabrahmani, walioanzisha sabha, yaani vyama vya muziki vyenye wanachama wa kulipa ada. Mwaka 1927 chama cha Congress, kilichodai uhuru wa India, kilipofanya mkutano wake Madras kuliandaliwa pia mkutano wa muziki, na mwaka 1928 ukazaa chama cha muziki kiitwacho Music Academy. Mwenye tikiti ana basi la kuwahi. Zamani mwimbaji aliweza kuizungusha raga moja kwa saa nyingi mbele ya bwana mwenye usiku wote. Sasa Ariyakudi Ramanuja Iyengar aliupanga mfumo wa onyesho la saa chache lenye nyimbo nyingi fupi, na karibu wote wakamfuata. Kitu kingine ambacho tabaka hilo lilitaka ni heshima. Walitaka kuuonyesha ulimwengu muziki wa kitaifa, mtakatifu, usio na harufu ya jumba la mfalme wala ya nyumba za wanawake wachezaji. Watunzi watatu waliozaliwa Thiruvarur, yaani Tyagaraja, Dikshitar na Syama Sastri, wote Wabrahmani, wakawekwa juu kama utatu. Zumari kubwa ya hekalu, nagaswaram, ikabaki kwenye maandamano na harusi, ingawa T. N. Rajarathnam Pillai aliipigia raga kwa kina kilichowashinda waimbaji.

Nao devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu na waliobeba nyimbo na ngoma kwa karne nyingi, wakageuzwa tatizo la kijamii. Kulikuwa na unyonyaji wa kweli ndani ya desturi ile, na Muthulakshmi Reddy, daktari aliyeipigania sheria ya 1947 ya kuipiga marufuku, alijua alichokiona. Hata hivyo sheria iliikomesha desturi bila kuwaachia wanawake wale mahali katika sanaa waliyoilinda. Veena Dhanammal, mpigaji wa vina, ala ya nyuzi, ambaye wanaume wa sabha walikwenda kumsikiliza nyumbani kwake Madras Ijumaa jioni na kutoka na nyimbo ambazo hakuna mwingine aliyekuwa nazo, alikuwa wa jamii hiyo. M. S. Subbulakshmi pia, na ilipofika 1968 ndipo akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo kuu ya Music Academy, miaka 40 baada ya chama kuanzishwa.

Anayeniudhi zaidi kwa kusahauliwa ni Bangalore Nagarathnamma. Alizaliwa 1878, binti wa devadasi, akawa mwimbaji tajiri wa Madras. Mwaka 1910 alichapisha upya Radhika Santwanam, utenzi wa mapenzi wa Muddupalani, mwanamke wa baraza la Thanjavur katika karne ya 18, kwa sababu toleo lililokuwapo lilikuwa limekatwa beti na jina la mwandishi kufichwa. Serikali ya Kiingereza, ikishangiliwa na wasomi wa Kitelugu, ilikipiga marufuku mwaka uliofuata kwa madai ya uchafu. Huyo huyo, alipopata habari kwamba kaburi la Tyagaraja limetelekezwa katikati ya magugu, alitafuta ardhi, akatoa akiba yake, na kujenga hekalu pale, likazinduliwa miaka ya 1920.

Basi sikia kilichofuata. Kumbukumbu ya mwaka ya Tyagaraja ilikuwa mikononi mwa makundi mawili ya wanaume waliokuwa wakigombana, na yote mawili hayakuruhusu wanawake kuimba. Mjenzi wa kaburi akakatazwa kuimba kaburini. Nagarathnamma akaunda kundi la tatu, la wanawake, wakaimba nyuma ya hekalu mwaka baada ya mwaka, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940 makundi yote yalipounganishwa. Alipofariki 1952 mali yake aliiacha kwa hekalu hilo. Yule mtakatifu aliyekataa zawadi ya mfalme anasherehekewa leo katika jengo lililolipiwa na mwanamke ambaye wasimamizi wa utakatifu hawakutaka kumsikia.

Wengine nao walichoka na Madras. Abraham Pandithar, mganga wa Thanjavur aliyetajirika kwa dawa zake za mitishamba, Mkristo wa Kitamil, aliita mikutano ya muziki kati ya 1912 na 1916 na kuigharimia mwenyewe. Mwaka 1917 akatoa kitabu kinene, Karunamirtha Sagaram, akidai kwamba mizizi ya muziki huu imo katika fasihi ya kale ya Kitamil. Hesabu zake za vipande vya sauti bado zinabishaniwa, lakini hoja yake ya lugha ilipata mkopeshaji: Annamalai Chettiar, tajiri wa benki wa Chettinad, aliyeanzisha chuo kikuu chenye jina lake na kusukuma tangu 1941 harakati ya kutaka nyimbo za Kitamil zipewe nafasi jukwaani. Magwiji wa Music Academy wakajibu kwamba muziki hauna lugha. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa upande ambao lugha yake imeshashinda.

Siku hizi mfuko uko mbali zaidi. Tangu 1978 hufanyika Cleveland, katika jimbo la Ohio, Marekani, tamasha la Tyagaraja ambalo limekuwa miongoni mwa makubwa ya muziki huu nje ya India, likibebwa na wahamiaji: madaktari, wahandisi, wazazi wanaowaendesha watoto mamia ya kilomita kwenda kushindana. Chochote waamuzi wa mashindano hayo wanachokitaka ndicho watoto wanachokariri. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua nyimbo za Dikshitar, za Koteeswara Iyer au za wanawake wa nyumba ya Dhanammal zitakuwa na waimbaji wangapi mwaka 2060 asiwaulize wanahistoria. Aiombe kamati ya Cleveland orodha ya nyimbo za mashindano.